Sindromu ya metaboli: unachorithi, na ambacho kipimo cha jeni hakitakuambia

Chukua watu wawili wenye umri wa miaka 48, urefu uleule, kilo 86 kila mmoja. Mmoja presha imepanda, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) ziko juu, sukari ya asubuhi inakaribia kiwango cha kisukari na altrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini. Mwenzake ni mnene vilevile, lakini majibu yake yote ya maabara ni safi. Chakula, mazoezi, usingizi na sigara vinaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine, wala si ndogo, imo kwenye DNA. Tatizo ni kwamba haikai mahali pamoja, na mara nyingi haifanyi kazi kwa namna ambayo watu huiwazia wanaposema "ugonjwa wa ukoo".

Vigezo vitano na hesabu yake

Sindromu ya metaboli ni jina la mkusanyiko. Kwa ufafanuzi ambao mashirika makubwa ya moyo na kisukari yaliupatanisha mwaka 2009, mtu anayo akiwa na angalau vitatu kati ya vigezo hivi vitano: kiuno kilichozidi kipimo cha jamii yake, trigliseridi kuanzia 1.7 mmol/L (150 mg/dL). Kolesteroli ya HDL chini ya 1.0 mmol/L (40 mg/dL) kwa mwanamume au 1.3 mmol/L (50 mg/dL) kwa mwanamke. Presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini. Na sukari ya kufunga kuanzia 5.6 mmol/L (100 mg/dL). Anayemeza dawa kwa ajili ya mojawapo ya matatizo hayo huhesabiwa kuwa nalo, hata kama dawa imezirudisha namba mahali pake.

Vitatu vyovyote kati ya vitano, au vinne, au vyote: hiyo ni michanganyiko 16 tofauti. Mtu mwenye kiuno kikubwa, trigliseridi na presha anapewa jina lilelile na mtu mwenye presha, sukari na HDL ya chini, ingawa wanashirikiana kigezo kimoja tu. Hapo ndipo utafutaji wa "jeni ya sindromu ya metaboli" unapokwama tangu mwanzo, maana watafiti wanaweka kapu moja watu ambao miili yao imeharibika kwa njia mbalimbali.

Kinachounganisha mengi ya hayo ni usugu wa insulini, yaani misuli, ini na tishu za mafuta kutoitikia insulini ipasavyo, hadi kongosho lilazimike kutoa nyingi zaidi. Daktari Gerald Reaven wa Marekani aliliweka wazo hilo mezani mwaka 1988. Inafaa kukumbuka kwamba Reaven hakuujumuisha unene kwenye orodha yake. Alikuwa ameona watu wembamba wenye usugu wa insulini. Kiuno kiliingizwa baadaye, na leo wengi hukiona kama mlango wa tatizo lote.

Mipaka ya kiuno yenyewe inabishaniwa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya hutumika sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, na mapendekezo ya 2009 yaliwapa Waafrika wa kusini mwa Sahara namba hizohizo kwa muda, hadi takwimu zao wenyewe zipatikane. Kwa watu wa Asia Kusini ni 90 na 80. Uchambuzi wa takwimu za Afrika uliokuja baadaye ulipata mpaka unaofaa karibu na sentimita 81 kwa wanaume na wanawake pia. Kwa hiyo mwanamume Mwafrika mwenye kiuno cha sentimita 88 anapita salama kwa kanuni moja na anakamatwa kwa nyingine. Sisi tungemshauri apimwe damu bila kusubiri kufika 94.

Urithi unavyohesabiwa

Seti moja ya kromosomu za binadamu ina herufi za DNA zipatazo bilioni 3. Ukilinganisha DNA ya mtu yeyote na ile ya rejea inayotumiwa na maabara, utakuta tofauti kwenye sehemu milioni 4 hadi 5. Nyingi hazina madhara yoyote. Zile zinazohusishwa na uzito, sukari na mafuta ya damu kwa sehemu kubwa ziko nje ya maeneo yanayoelekeza utengenezaji wa protini. Hazivunji protini, zinabadilisha protini fulani itengenezwe kiasi gani, kwenye tishu ipi na wakati gani. Ndiyo maana athari ya kila moja huwa ndogo.

Makadirio ya urithi hutokana sana na mapacha. Mapacha wa kufanana wana DNA moja, wasiofanana wanashirikiana kama ndugu wa kawaida. Pengo kati ya makundi hayo mawili ndilo linalotoa asilimia. Kwa BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita), urithi hukadiriwa kati ya asilimia 40 na 70. Kwa HDL ni karibu na nusu. Sindromu yenyewe ikipimwa kwa ndiyo au hapana, makadirio mengi huangukia kati ya asilimia 10 na 30, na hilo halishangazi ukikumbuka michanganyiko 16 ya hapo juu.

Asilimia hizi husomwa vibaya mno. Urithi wa asilimia 50 hausemi kwamba nusu ya kitambi chako kilitoka kwa wazazi. Unahusu tofauti kati ya watu wa kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani. Kama wote wanakula na kutembea sawasawa, karibu tofauti yote itakayobaki ni ya jeni na asilimia itapanda. Wachukue watu haohao, nusu yao waketi ofisini na nusu walime, asilimia itashuka bila herufi hata moja ya DNA kubadilika.

Mafuta yanahifadhiwa wapi

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na ndipo maelezo mengi ya mtaani hupotoka kwa sababu yanaongelea uzito tu.

Tuanze na jeni maarufu kuliko zote, FTO, iliyo kwenye kromosomu ya 16. Mwaka 2007 ilionekana kwamba watu wazima wenye nakala mbili za herufi A kwenye nukta inayoitwa rs9939609 walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasio na nakala hata moja. Tofauti hiyo ya herufi moja imekaa ndani ya FTO, lakini kazi yake kubwa inaonekana kuwa kuongoza jeni nyingine za jirani, IRX3 na IRX5. Wenye toleo hilo kwa kawaida huwa na hamu kubwa zaidi ya kula na huchelewa kushiba. Hatari ya kisukari inayofuata inapitia kwenye uzito: ukilinganisha watu wa BMI moja, mchango wa FTO kwenye kisukari unayeyuka.

Sasa tazama upande wa pili. Mwili ukiwa na nishati ya ziada huipeleka kwanza kwenye ghala salama, yaani tishu za mafuta zilizo chini ya ngozi, hasa mapajani, kwenye makalio na mikononi. Ghala hilo likijaa mapema au likiwa dogo tangu mwanzo, mzigo unashushwa mahali pasipostahili: ndani ya tumbo kuzunguka utumbo, kwenye ini, kwenye misuli, kwenye kongosho. Mafuta yaliyoingia kwenye ini na misuli ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini. Ukubwa wa ghala hilo salama unategemea jeni kwa kiasi kikubwa.

Ushahidi wake unaonekana vizuri karibu na jeni ya IRS1. Mwaka 2011 watafiti waliripoti toleo linalopunguza asilimia ya mafuta mwilini, na mwenye kulibeba angepaswa kufurahi. Lakini toleo hilohilo liliambatana na usugu wa insulini na mafuta mabaya ya damu. Kilichopungua, hasa kwa wanaume, kilikuwa mafuta ya chini ya ngozi. Mtu anaonekana mwembamba huku akiwa amenyimwa ghala. Mwaka 2017 uchambuzi mkubwa ulitambua maeneo 53 ya DNA yanayohusiana na usugu wa insulini, na wenye matoleo mengi ya hatari walikuwa na mafuta machache miguuni. Hao ndio wale ambao miguu yao ni myembamba, tumbo limetokeza, BMI inasoma kawaida, na mhudumu wa afya anawaambia waende nyumbani.

Samoa inatoa mfano wa kinyume chake. Huko kuna toleo la jeni ya CREBRF ambalo ni adimu sana kwingineko lakini limebebwa na takriban robo ya kromosomu za Wasamoa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2016. Kila nakala huongeza BMI kwa zaidi ya kipimo kimoja, sawa na kilo 4 hivi kwa mtu wa urefu wa mita 1.7. Wenye toleo hilo ni wanene zaidi, ila uwezekano wao wa kupata kisukari ni mdogo kuliko wa wenzao.

Jeni ya KLF14 nayo ina tabia ya ajabu: kinachohesabika ni nakala iliyotoka kwa mama, ya baba imezimwa. Kwa wanawake wenye toleo la hatari, seli za mafuta huwa kubwa zaidi na mafuta huhama kutoka nyongani kwenda tumboni. Kwa wanaume athari hiyo ni hafifu. Mtu akikuambia jeni huathiri jinsia zote sawa, mpe mfano huu.

Ini, kongosho na mafuta ya damu

GCKR ni protini ya ini inayozuia kimeng'enya cha kuanzisha uchakataji wa glukosi. Toleo lake moja, lenye asidi amino ya leusini badala ya prolini kwenye nafasi ya 446, huzuia kwa ulegevu. Matokeo yake, ini linachukua glukosi nyingi zaidi, kwa hiyo sukari ya kufunga inashuka kidogo. Lakini sehemu ya glukosi hiyo inageuzwa mafuta, na trigliseridi zinapanda. Toleo moja linamwondolea mtu kigezo kimoja cha sindromu na kumwongezea kingine. Ukiuliza kama ni zuri au baya, jibu litategemea unaangalia karatasi gani ya maabara.

TCF7L2, iliyotambuliwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland, ndiyo yenye athari kubwa kati ya jeni za kawaida za kisukari cha aina ya pili. Herufi T kwenye nukta rs7903146 huzidisha uwezekano kwa takriban 1.4 kwa kila nakala. Yenyewe haina habari na kiuno. Inalegeza utoaji wa insulini kutoka kwenye seli za beta za kongosho. Mtu mwenye ghala dogo la mafuta na pia T mbili za TCF7L2 amebanwa pande zote: mahitaji ya insulini yamepanda, na kiwanda hakiwezi kuongeza uzalishaji.

APOA5 na LPL zinahusu usafishaji wa trigliseridi kwenye damu. Toleo la LPL linaloikata protini ikiwa imebakiza asidi amino mbili mwishoni hufanya kazi vizuri kuliko la kawaida, hivyo wenye nalo wana trigliseridi za chini na HDL ya juu. Toleo la jeni ya PNPLA3 lililojulikana mwaka 2008 hufanya mafuta yakwame kwenye ini, na ndilo la kuwaza unapokuta ini lenye mafuta kwa mtu asiye mnene.

HDL inahitaji tahadhari. Kwa miaka mingi iliitwa kolesteroli nzuri na watu wakahangaika kuipandisha. Jeni zilisaidia kutegua hilo: utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenye toleo la jeni ya LIPG linaloinua HDL maisha yao yote hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo kama ilivyotarajiwa. Kabla ya hapo, mwaka 2006, majaribio ya dawa ya torcetrapib, iliyopandisha HDL sana, yalisimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka. HDL ya chini inabaki kuwa dalili nzuri kwamba metaboli imeharibika. Kuipandisha kwa dawa ili namba ipendeze ni kazi bure.

Kwa nini inajitokeza miaka ya 40 na 50

DNA ya mtu wa miaka 50 ni ileile aliyozaliwa nayo. Kinachobadilika ni akiba ya mwili. Jeni za uzito hujitokeza mapema. Utafiti wa mwaka 2019 uliojumlisha tofauti zaidi ya milioni 2 za DNA kuwa alama moja ya hatari uliona kwamba watoto wa kundi la juu na la chini walizaliwa wakitofautiana gramu chache tu, lakini walipofikia miaka 18 pengo lilikuwa karibu kilo 12. Kwa watu wa umri wa kati lilikuwa kilo 13. Yaani sehemu kubwa ya kazi ya jeni hizo ilikwisha ujanani.

Jeni za sukari husubiri. Kongosho hufidia usugu wa insulini kwa miaka mingi kabla ya kuzidiwa, na wakati huo misuli, ambayo ndiyo mtumiaji mkubwa wa glukosi baada ya mlo, inapungua. Kwa wanawake, ukomo wa hedhi huhamisha mafuta kutoka nyongani kwenda tumboni ndani ya miaka michache hata kama uzito haujaongezeka. Mwanamke aliyekuwa na vigezo viwili akiwa na miaka 46 anaweza kuwa na vinne akifika 53, na mizani isiseme kitu.

Ukipewa ripoti ya jeni

Ripoti nyingi huandika "hatari yako ni mara 1.4". Hiyo kwa kawaida ni uwiano wa uwezekano, na haizidishwi moja kwa moja na asilimia. Tuseme katika watu 100 wa rika lako wasio na toleo la hatari, 20 watapata kisukari. Uwezekano ni 20 kwa 80, yaani 0.25. Zidisha kwa 1.4 upate 0.35; rudisha kuwa asilimia kwa kugawanya 0.35 kwa 1.35, unapata 26. Nakala mbili: 0.25 mara 1.4 mara 1.4 ni 0.49, gawanya kwa 1.49, unapata 33. Kutoka 20 kwenda 33 katika kila 100 ni jambo la kuzingatia, lakini watu 67 kati ya 100 wenye nakala mbili bado hawatapata ugonjwa.

Angalia pia uzi wa DNA uliosomwa. DNA ina nyuzi mbili, A ikikabiliana na T, na C ikikabiliana na G. Kwenye TCF7L2 herufi zinazowezekana ni C au T. Maabara ikisoma uzi wa upande wa pili zitaonekana G au A, na kosa litajulikana mara moja. Kwenye FTO herufi ni A au T. Ukisoma upande wa pili, A inageuka T na T inageuka A, wala hakuna kinachoonekana kibaya. Mtu asiye na nakala ya hatari hata moja anaweza kuambiwa anazo mbili. Hili hutokea zaidi pale mtu anapochukua faili ghafi ya kampuni moja na kuipakia kwenye programu ya kampuni nyingine. Ripoti isiyotaja uzi uliotumika na toleo la DNA ya rejea usiitegemee kwa nukta za namna hiyo.

Zaidi ya hapo kuna suala la asili. Kufikia mwaka 2018, karibu asilimia 78 ya washiriki wa tafiti kubwa za jeni walikuwa wenye asili ya Ulaya. Nukta nyingi zinazopimwa ni alama tu zinazokaa karibu na tofauti yenye kuleta athari, na ukaribu huo haufanani kwa watu wote. Kwa Waafrika, ambao DNA yao ina utofauti mkubwa zaidi na vipande vyake vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, alama mara nyingi hutengana na kile inachopaswa kuwakilisha. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliona usahihi wa alama za jumla za hatari ukishuka kwa zaidi ya mara 4 kwa watu wenye asili ya Afrika. Mradi wa AWI-Gen, chini ya H3Africa (mpango wa utafiti wa jeni barani Afrika), uliandikisha takriban watu 12,000, wengi wa umri wa miaka 40 hadi 60, huko Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini ili kuanza kuziba pengo hilo. Hadi alama za hatari zijengwe kwa takwimu za namna hiyo, ripoti inayomwambia Mwafrika kwamba yuko "asilimia 10 ya chini ya hatari" haina uzito wa kumfanya aache kupima presha.

Jeni zinazochafua kipimo chenyewe

Hili husahaulika, na kwa maoni yetu lina faida ya moja kwa moja kuliko alama zote za hatari.

HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe hizo huishusha namba bila sukari kushuka. Mwenye nakala moja ya seli mundu husoma wastani wa takriban pointi 0.3 chini ya mwenzake mwenye sukari ileile. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hushusha zaidi: kwa wanaume wenye toleo la kawaida la Afrika, karibu pointi 0.8. Kwa mtu ambaye HbA1c yake halisi ingekuwa asilimia 6.8, kiwango cha kisukari, karatasi itasoma 6.0. Panapojulikana seli mundu au G6PD kwenye familia, tumia sukari ya kufunga au kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupima baada ya saa mbili.

Sukari ya kufunga nayo ina upofu wake. Kati ya watu wa Greenland, mwaka 2014 ilitambuliwa hitilafu kwenye jeni ya TBC1D4 inayozuia misuli kuchukua glukosi baada ya kula. Wenye nakala mbili wana uwezekano wa kisukari mara 10 hivi, lakini asubuhi kabla ya kula sukari yao mara nyingi ni ya kawaida. Kipimo cha saa mbili ndicho kinachowafichua.

Na trigliseridi: watu wenye asili ya Afrika huwa na trigliseridi za chini hata wanapokuwa na usugu mkubwa wa insulini. Kigezo cha 1.7 kinawakosa wengi. Kwao, trigliseridi nzuri zisiwe sababu ya kupuuza kiuno na presha.

Lini kipimo cha jeni kinafaa kweli

Yapo magonjwa ya jeni moja yanayojificha ndani ya jina la sindromu ya metaboli, na hapo kipimo cha jeni hubadilisha tiba. Mtu mwenye sukari ya kufunga kati ya 5.5 na 8 mmol/L kwa miaka mingi bila kupanda, mwembamba, na mzazi mmoja mwenye hali hiyohiyo, huenda ana hitilafu ya jeni ya GCK. Kwa kawaida hahitaji dawa yoyote ya sukari, isipokuwa hali maalumu za ujauzito, na wengi wao humezeshwa vidonge bure. Mwenye miguu na mikono iliyokosa mafuta tangu kubalehe, misuli na mishipa ikionekana wazi, uso na shingo vikiwa vimenenepa, pamoja na trigliseridi za juu sana, achunguzwe jeni ya LMNA. Trigliseridi zinazozidi 10 mmol/L (885 mg/dL) zinahitaji hatua za haraka kwa sababu ya hatari ya kuvimba kongosho. Pombe, kisukari kisichodhibitiwa na dawa anazotumia mtu vichunguzwe kwanza, jeni zifuate.

Nje ya hali hizo, hakuna mwongozo mkubwa wa tiba unaotaka mtu mwenye sindromu ya metaboli apimwe jeni ili aanze matibabu.

Mwenye jeni mbaya akibadili mwenendo

Mpango wa kuzuia kisukari wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2002, ulifuatilia watu 3,234 wenye wastani wa miaka 51 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Metformin, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Baadaye DNA yao ilipochunguzwa, wenye T mbili za TCF7L2 waliokuwa kwenye kundi lisilopata msaada waliingia kwenye kisukari kwa kasi ya takriban asilimia 80 zaidi ya wasio nazo. Kwenye kundi la mazoezi na kupunguza uzito, tofauti hiyo karibu ilitoweka.

Kwa FTO, uchambuzi wa watu zaidi ya 218,000 mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa wanaofanya mazoezi athari ya jeni hiyo kwenye uwezekano wa unene ilikuwa ndogo kwa asilimia 27 hivi. Asilimia 7 ya uzito kwa mtu wa kilo 85 ni kilo 6. Ini ndilo linaloitikia kwanza, kabla kiuno hakijaonyesha mengi.

Kupima bila kujidanganya

Kiuno: tafuta ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka tepu katikati ya hizo mbili juu ya ngozi tupu, ilale sawa kuzunguka mwili, usome mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida. Kosa kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, ambapo kwa mwenye kitambi ni chini ya tumbo na hupunguza sentimita kadhaa.

Presha: keti dakika 5, mgongo umeegemezwa, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja au mbili, chukua wastani.

Damu: funga saa 8 hadi 12, maji yanaruhusiwa. Sampuli ya glukosi ikikaa kwenye joto la kawaida bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kula sukari na namba inashuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, 5.9 inaweza kuingia kwenye mashine ikiwa 5.5. Trigliseridi hupanda na kushuka sana siku hadi siku, kwa hiyo jibu moja la 1.8 lirudiwe kabla ya kuitwa kigezo, na usipime ukiwa mgonjwa au siku baada ya kunywa pombe.

Historia ya ukoo ndiyo inayobeba habari nyingi za jeni kwa gharama ndogo kuliko zote, ikiandikwa vizuri. Orodhesha wazazi, ndugu wa tumbo moja, babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa kila mmoja andika kisukari, presha, mshtuko wa moyo, kiharusi, ini lenye mafuta, na umri alipogundulika. Kisukari cha mama kilichoanza akiwa na miaka 38 kina maana tofauti na kilichoanza akiwa na 74. Ongeza kama alikuwa mnene au mwembamba wakati huo, na kama yupo mwenye seli mundu au upungufu wa G6PD. Karatasi hiyo mpe daktari pamoja na majibu ya maabara, kabla hajachagua kati ya HbA1c na kipimo cha glukosi cha saa mbili.